Kumuuguza mgonjwa wa siku za mwisho nyumbani: mwongozo kwa familia inayohudumiwa na hospisi

Familia nyingi hupiga simu hospisi mgonjwa akiwa amebakiza siku tatu au nne. Muuguzi akifika anakuta ngozi ya kiunoni imeshachubuka, choo hakijatoka wiki nzima, maumivu yamewakosesha watu wote usingizi, na chupa ya mofini, dawa kali ya maumivu, iko kabatini haijafunguliwa kwa sababu ndugu mmoja alisema itamuua. Karibu yote hayo yangezuilika kama simu ile ingepigwa miezi miwili mapema. Mwongozo huu ni wa yule anayelala chumba kimoja na mgonjwa. Unafuata mpangilio wa mambo yanavyokuja, na pale dozi inapotajwa, mwenye kauli ni daktari au muuguzi wenu.

Hatua ya 1: Waiteni mapema

Hospisi si lazima iwe jengo. Mara nyingi ni timu: daktari, muuguzi, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, mshauri wa kiroho kwa anayemtaka, na watu wa kujitolea. Huja nyumbani, au humpokea mgonjwa kwa siku chache dalili zikishindikana. Na si ya saratani peke yake. Moyo ulioshindwa, figo, ini, mapafu yaliyochakaa, kiharusi na ugonjwa wa kusahau vyote vinaihitaji. Tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa, inaweza kuanza mgonjwa akiwa bado anapata mionzi au anasafishwa figo. Kuiomba si kumkatia tamaa.

Kama hamjui wakati umefika au la, mwulizeni daktari swali hili moja: "Je, utashangaa mgonjwa wetu akifariki ndani ya miezi 12 ijayo?" Akisita, au akisema hatashangaa, pigeni simu. Dalili nyingine mtaziona wenyewe: anashinda kitandani zaidi ya nusu ya mchana, anakonda bila sababu nyingine, amelazwa mara tatu ndani ya miezi michache na kila akirudi yuko chini kuliko alivyokwenda.

Siku ya ziara ya kwanza msikae mkisikiliza tu. Ulizeni, na mwandike majibu kwenye daftari litakalokaa chumbani kwa mgonjwa:

- Saa nane usiku tukikwama, tunampigia nani?
- Mofini inaandikwa na nani, inatosha siku ngapi, na ikiisha siku ya mapumziko tunafanyaje?
- Mnaazima vifaa gani: kitanda cha kuinuka, godoro la hewa, kiti cha choo?
- Akifariki nyumbani, nani anathibitisha kifo, na tunatakiwa kuwa na karatasi gani?

Swali la mwisho huonekana baya kuuliza mgonjwa akiwa hai. Waliolikwepa ndio wanaojikuta usiku wa manane na mwili ndani na hawajui pa kuanzia.

Hatua ya 2: Ongeeni, kwanza na mgonjwa mwenyewe

Kabla ya kikao cha familia, mtu anayeaminiwa na mgonjwa akae naye na kumwuliza: "Baba, unauelewaje ugonjwa wako? Ungependa kuambiwa kila kitu, au tuongee na daktari kwa niaba yako?" Jibu lolote ni sahihi, ila liwe lake. Familia zinazoficha hudhani zinamlinda, kumbe mgonjwa amekwisha kujua kwa kuwatazama nyuso. Kinachobaki ni yeye kuigiza kwamba hajui na nyinyi kuigiza kwamba hamjui kuwa anajua, na siku zinakwisha hivyo.

Kikaoni amueni mambo haya, na yaandikwe: msemaji mmoja wa familia kwa wahudumu, mahali anapotaka kufia, kama arudishwe hospitali akizidiwa, na kwa jambo gani, kama moyo ukisimama asisukumwe kifua. Hili la mwisho lisainiwe na daktari kwenye fomu inayotambulika, la sivyo gari la wagonjwa likiitwa wahudumu watalazimika kufanya kila kitu. Wasia, nyaraka za mali na nywila ya simu vishughulikiwe akili ingali timamu.

Watoto waambiwe kwa neno lenyewe, "atakufa". Mtoto aliyeambiwa babu "amelala" au "amesafiri" anaweza kuogopa kulala yeye mwenyewe, au kumngojea mlangoni.

Hatua ya 3: Maumivu yafuateni kwa saa

Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea, kwa hiyo tutakaa kidogo. Kanuni ambayo Shirika la Afya Duniani limeifundisha tangu mwaka 1986 ni rahisi kukumbuka: dawa kwa mdomo kila inapowezekana, na kwa saa, si kwa kusubiri aumie. Maumivu yakiachwa yapande, dozi ileile iliyokuwa ikitosha haitoshi tena. Ni kama moto wa kuni: cheche unaizima kwa kikombe, ukiwaka utatafuta ndoo.

Mofini ya maji hufanya kazi takriban saa nne. Mtu mzima ambaye hajawahi kutumia dawa za jamii hiyo kwa kawaida huanzishiwa miligramu 2.5 hadi 5 kila saa nne; mzee sana au mwenye figo mbovu hupewa kidogo zaidi au kwa nafasi ndefu zaidi, kwa sababu figo ndizo zinazoitoa mwilini. Ratiba inayowafaa wengi ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku. Daktari akiruhusu, dozi ya saa 4 usiku huwa maradufu ili ile ya saa 8 usiku irukwe na watu walale.

Katikati ya saa hizo maumivu yakichomoza, kuna dozi ya dharura, ambayo kwa kawaida ni sawa na ya kila saa nne. Hii haichukui nafasi ya dozi ya saa. Inayofuata inatolewa kwa wakati wake. Kila ya dharura iandikwe: saa ngapi, kiasi gani, ilisaidia au la. Tuseme anapata miligramu 5 mara sita, yaani 30 kwa siku, na jana alihitaji nne za dharura. Mahitaji yake halisi ni 50, na muuguzi akiliona daftari atajua dozi ya msingi ipandishwe. Bila daftari atakisia tu. Zikifika zaidi ya tatu kwa siku, msisubiri ziara, pigeni simu.

Someni lebo ya chupa kila chupa mpya inapofika. Kuna mofini ya miligramu 5 katika mililita 5, na kuna ya miligramu 50 katika mililita hizohizo 5, mara kumi. Kosa linalotisha kuliko yote nyumbani ni kubadilishiwa chupa na kuendelea kupima "kijiko kilekile". Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, andikeni nguvu ya dawa kwa kalamu nene kwenye kifuniko, na mfungie chupa mbali na watoto.

Kuhusu hofu. Mofini inayopandishwa hatua kwa hatua kulingana na maumivu haimuui mgonjwa, na anayeitumia kwa maumivu hageuki mraibu wa kuisaka. Mwili huizoea, kweli, na ndiyo maana haikatizwi ghafla. Siku mbili tatu za kwanza atasinzia, huenda pia akasikia kichefuchefu, vyote hupungua. Kisichopungua ni choo kukauka. Kwa hiyo dawa ya kulainisha na kusukuma choo, kama senna au bisakodili, inaanza siku ileile mofini inapoanza. Isipoanza, baada ya siku tano mtakuwa mnauguza tumbo badala ya ugonjwa. Siku tatu bila choo, mwambieni muuguzi.

Dalili za kupiga simu mara moja: anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, haamki hata akitikiswa, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, au anashtukashtuka misuli na kuona vitu ambavyo havipo. Hizi mbili za mwisho mara nyingi ni figo zimechoka na dawa inarundikana.

Anayetumia kiraka cha fentanili, dawa nyingine kali ya jamii ya mofini, kilichobandikwa kwenye ngozi: kinabadilishwa kila baada ya saa 72, cha zamani kitolewe kabla ya kipya kubandikwa, na kisipashwe joto kwa chupa ya maji moto au blanketi la umeme, kwani joto humwaga dawa nyingi kwa mpigo. Cha kwanza huchukua nusu siku au zaidi kuanza kusaidia. Msikiondoe kwa kuona kimechelewa.

Mgonjwa asiyeweza kusema bado anawaambia: ndita za uso, kukunja ngumi, kuguna akigeuzwa, kuusukuma mkono wenu. Na kuna maumivu ambayo mofini haiyagusi. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya nyumba na ya roho kwa pamoja. Mtu akiongezewa dozi mara tatu bila nafuu, mwulizeni analowaza usiku. Huenda ni deni, huenda ni mtoto waliyekosana naye.

Hatua ya 4: Kugeuza na kutandika mgonjwa akiwa kitandani

Kwenye godoro la kawaida ageuzwe kila saa mbili mchana. Usiku mnaweza kufika saa nne kama ngozi inastahimili. Kidonda cha kulalia huanza pale mfupa unapoibana ngozi mpaka damu isipite: mkiani, nyonga, visigino, mabega, masikio. Kwenye ngozi nyeusi msitafute wekundu. Tafuteni sehemu iliyokoza kuliko jirani yake, au yenye joto, au ngumu mkiibonyeza. Mkiiona, msiikande, kukanda kunachana tishu ambayo tayari imeumia. Mto wa duara kama tairi nao uacheni, unazuia damu pembeni yote ya kidonda.

Kubadilisha shuka kunahitaji watu wawili:

1. Kama huumia akiguswa, mpeni dozi ya dharura nusu saa kabla. Mwambieni mnachofanya hata kama hajibu: "Mama, tunakugeuza upande wa dirisha."
2. Mkono wake wa mbali ulazwe kifuani, goti la mbali likunjwe. Mmoja ashike bega na nyonga, amviringishe kuelekea kwake. Msimvute kwa kwapa wala kumburuta. Ngozi inabaki kwenye shuka na nyama inasogea.
3. Wa pili akunje shuka chafu kwa urefu, kama anavyokunja mkeka, hadi mgongoni kwa mgonjwa, na kuitandaza shuka safi nusu, nusu nyingine ikiwa imeviringwa kando ya ile chafu. Akiwa hapohapo asafishe mgongo, aukaushe kwa kubandika taulo bila kusugua, na kuikagua ngozi.
4. Mgonjwa aviringishwe upande wa pili kupita juu ya tuta hilo dogo. Shuka chafu itolewe, safi ivutwe.
5. Kazeni. Kunjo moja nene kama kidole likikaa saa nne litaacha alama.
6. Asilale ubavu kamili. Wekeni mto nyuma ya mgongo ainame kiasi cha digrii 30, mwingine kati ya magoti, na mwingine chini ya misuli ya miguu ili visigino vielee. Karatasi ipite chini ya visigino bila kukwama.

Mwenye mpira wa mkojo, mfuko ukae chini kuliko kibofu wakati wote wa kugeuza.

Hatua ya 5: Kinywa, kidonda, pumzi

Kinywa kikavu humtesa mgonjwa kuliko njaa. Mswaki laini asubuhi na jioni. Katikati, kila saa mbili, kipande cha sponji au kitambaa kilicholoweshwa maji yenye chumvi kidogo. Midomo ipakwe mafuta ya mgando, isipokuwa anapotumia oksijeni, ambapo mafuta yenye asili ya petroli hayafai. Utando mweupe usiofutika ulimini ni fangasi na una dawa. Usipotibiwa atakataa hata maji, nanyi mtadhani amekata tamaa.

Uvimbe uliopasuka hunuka, na harufu ndiyo inayowafukuza wageni. Chemsheni maji, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilicho sawa na ukingo kwa kila nusu lita, yapoe. Kitambaa kilichoganda kiloweshwe kwanza mpaka kiachie chenyewe. Kwa harufu, mwombeni muuguzi metronidazoli ya kuweka juu ya kidonda, ya jeli au vidonge vilivyosagwa unga laini. Wadudu wanaonukisha hufa na nyumba hubadilika ndani ya siku chache. Kama uvimbe uko karibu na mshipa mkubwa, hasa shingoni, wekeni taulo za rangi nyeusi karibu na kitanda. Damu ikitoka, ikandamizeni nayo. Rangi nyeusi itamnusuru mgonjwa na wote waliopo wasiione ilivyo nyingi.

Pumzi ikibana, mkalisheni wima akiegemea mbele juu ya mto uliowekwa mezani, fungueni dirisha, pangaboi dogo limpige usoni kwenye mashavu na pua. Upepo usoni hupunguza hisia ya kukosa hewa. Mofini kidogo nayo husaidia pumzi, si maumivu tu. Oksijeni humfaa ambaye kipimo kinaonyesha imepungua damuni. Na mmoja wenu atulie akae naye, kwa sababu hofu na pumzi fupi huchocheana.

Hatua ya 6: Chakula

Hakuna jambo linalogombanisha ndugu kama hili. Mwili unaofunga shughuli hautaki chakula, na mtu hafi kwa sababu ameacha kula. Ameacha kula kwa sababu anakufa. Mpeni anachotamani, vijiko viwili, akiwa ameketi wima na macho wazi. Anayesinzia au kukohoa kila akimeza asilishwe: chakula kitaingia mapafuni, na nimonia itakuwa ndiyo zawadi ya mwisho mliyompa. Dripu nayo siku za mwisho mara nyingi huongeza uvimbe wa miguu na makohozi kifuani kuliko inavyopunguza kiu. Kiu hutulizwa kinywani.

Hatua ya 7: Siku na saa za mwisho

Atalala muda mwingi. Mkojo utapungua na kuwa wa rangi ya chai. Mikono na miguu itapoa, magoti na nyayo zitapata mabaka. Pumzi itakwenda mbio, ipungue, isimame nusu dakika, kisha ianze tena.

Hapo vidonge vya presha, kolesteroli na vitamini havina kazi. Mwombeni daktari aviache. Dawa ya maumivu haiachwi. Akishindwa kumeza, muuguzi atabadilisha njia, pengine sindano ndogo chini ya ngozi iliyounganishwa na pampu inayotoa dawa kwa saa 24. Ombeni dawa hizo ziwe ndani ya nyumba kabla ya siku hiyo.

Mkoromo wa makohozi kooni huwatisha wanaousikia kuliko anayeukoroma, maana fahamu zake ziko mbali. Mlazeni ubavu, kichwa kikiinama kidogo ili mate yatoke. Kufyonza kwa mashine ndani kooni humchokoza bure. Kuna sindano ya haiyosini inayosaidia ikianza mapema.

Akianza kuhangaika, kuvua nguo na kutaka kushuka kitandani, kagueni vitu vitatu kabla ya kuomba dawa ya kumtuliza: kibofu kimejaa? choo kimeziba? saa ya dozi imepita bila kupewa? Kibofu ndicho hukosewa mara nyingi zaidi, kwa sababu nepi yenye unyevu huwafanya watu waamini anakojoa sawasawa. Wekeni mkono chini ya kitovu. Kama kuna uvimbe mgumu wa mviringo, piga simu.

Endeleeni kumsemesha. Na msibishane mirathi juu ya kitanda chake kwa kudhani hasikii.

Anayeuguza naye apangiwe zamu. Mtu mmoja hawezi kukesha usiku zaidi ya mitatu mfululizo bila kuanza kukosea dawa. Hospisi nyingi zina mtu wa kujitolea au kitanda cha muda kwa ajili hiyo. Ombeni kabla mtu hajaanguka.

Hatua ya 8: Akishakata roho

Hakuna haraka. Andikeni saa. Mpigieni muuguzi wa hospisi, si gari la wagonjwa. Mlazeni chali, mikono na miguu inyooshwe, macho yafumbwe kwa kuyashikilia nusu dakika, meno ya bandia yarudishwe, taulo lililoviringwa liwekwe chini ya kidevu. Fanyeni hivyo ndani ya saa moja au mbili, kabla mwili haujaanza kukakamaa. Wekeni kitambaa kinachonyonya chini yake, kwani kibofu na matumbo hulegea. Mkimgeuza hewa inaweza kutoka kifuani kwa sauti kama ya kuguna, si uhai.

Viraka vitolewe mwilini na kukunjwa upande wa gundi ukiwa ndani. Mofini iliyobaki ihesabiwe mbele ya watu wawili, iandikwe kwenye daftari, irudishwe hospisi au kwenye famasia. Asipewe jirani mwenye maumivu, hata akiomba kwa machozi. Dozi ya mtu aliyeizoea inaweza kumuua asiyeizoea. Vifaa vya kuazima virudi. Kuna nyumba nyingine inavingoja.

Timu nzuri itapiga simu tena baada ya wiki kadhaa kuwauliza mnaendeleaje. Mkiona mmoja wenu halali, hali, au bado anaamka saa 12 asubuhi kupima dawa, mtajeni kwa jina.